Majiranukta ya nyota za Jabari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jabari ni kundinyota la kujifunzia. Nyota zake ni kali, umbo lake halifichiki, na ikweta ya anga, yaani mstari wa kuwaza ulio juu ya ikweta ya dunia, inapita karibu kabisa na mkanda wake, kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki huliona likivuka karibu na utosi. Mifano yote ya hapa imepigwa kwa Dar es Salaam, Januari 2026. Anayeishi kwingine atabadilisha longitudo, latitudo na saa za eneo lake.

Makosa mengi tunayoulizwa hayatoki machoni. Hutoka kwenye alama ya kutoa iliyopotea, mwaka wa katalogi usiotajwa, au saa iliyosomwa vibaya. Ndiyo maana maswali ya 5, 7 na 13 ni marefu kuliko mengine.

## Misingi

1. Majiranukta ya nyota ni nini?

Ni namba mbili zinazotaja mahali pa nyota kwenye tufe la anga, kama longitudo na latitudo zinavyotaja mahali pa mji duniani. Mwinamo ni umbali wa nyota kutoka ikweta ya anga kwa digrii: alama ya kujumlisha ni kaskazini, ya kutoa ni kusini. Kupaa mnyoofu hupimwa kando ya ikweta hiyo kuelekea mashariki, kuanzia pale Jua linapovuka ikweta kwenda kaskazini mwezi Machi, siku usiku na mchana vinapokaribia kulingana.

Namba hizi hazitegemei mahali ulipo. Mtu wa Mombasa na mtu wa Maskati wanatumia zilezile kwa Rigel. Kinachotofautiana ni upande na kimo anapoiona kila mmoja.

2. Kwa nini kupaa mnyoofu kunaandikwa kwa saa, si kwa digrii?

Kwa sababu anga huonekana kuzunguka mara moja kila saa 24 za nyota (swali la 8), na wanajimu wa kale walipima kwa kutazama saa. Saa 1 ni digrii 15, dakika 1 ya saa ni dakika 15 za tao, sekunde 1 ni sekunde 15 za tao. Dakika ya tao (′) ni sehemu ya 60 ya digrii, na sekunde ya tao (″) ni sehemu ya 60 ya dakika hiyo. Dakika ya kupaa mnyoofu na dakika ya mwinamo zina jina moja lakini si kitu kimoja. Anayezichanganya hukosea mara 15.

Kipimo hicho cha 15 ni kamili kwenye ikweta tu. Ukienda mbali nayo, zidisha na kosaini ya mwinamo. Kwenye mkanda wa Jabari hutaona tofauti, ila kwa Acrux, nyota kali kuliko zote za Msalaba wa Kusini yenye mwinamo wa −63°, dakika moja ya saa ni kama dakika 7 tu za tao.

3. Nyota kuu za Jabari zina majiranukta gani?

Hizi ni za mfumo wa J2000. Maana ya J2000 iko kwenye swali la 13; usiruke. Ya HIP iko kwenye la 4.

| Nyota | Herufi | Namba ya HIP | Kupaa mnyoofu | Mwinamo |
|---|---|---|---|---|
| Betelgeuse | Alfa | 27989 | 05h 55m 10s | +07° 24′ 25″ |
| Rigel | Beta | 24436 | 05h 14m 32s | −08° 12′ 06″ |
| Bellatrix | Gama | 25336 | 05h 25m 08s | +06° 20′ 59″ |
| Mintaka | Delta | 25930 | 05h 32m 00s | −00° 17′ 57″ |
| Alnilam | Epsiloni | 26311 | 05h 36m 13s | −01° 12′ 07″ |
| Alnitak | Zeta | 26727 | 05h 40m 46s | −01° 56′ 34″ |
| Saiph | Kapa | 27366 | 05h 47m 45s | −09° 40′ 11″ |
| Meissa | Lambda | 26207 | 05h 35m 08s | +09° 56′ 03″ |

Nebula (wingu la gesi na vumbi) iliyo kwenye upanga, M42, iko karibu na 05h 35m, −05° 23′. Herufi za Kigiriki zilipangwa na Johann Bayer mwaka 1603 na hazifuati mwangaza kikamilifu: Rigel, ambayo ni Beta, kwa kawaida hung'aa kuliko Betelgeuse iliyopewa Alfa. Na mwenye sikio la Kiarabu atatambua majina. Rigel ni mguu, Mintaka ni mkanda, na Alnilam inatoka kwenye neno lililotupa "nidhamu", lulu zilizotungwa kwenye uzi mmoja.

## Kusoma na kugeuza namba

4. Nipate wapi majiranukta ya nyota ambayo haimo kwenye jedwali?

Kwa nyota zinazoonekana kwa macho, programu ya bure ya Stellarium inatosha: bofya nyota, soma. Angalia tu kwamba inaonyesha mistari miwili, mmoja wa J2000 na mwingine wa tarehe ya leo. Watu hunakili huu, kisha wanalinganisha na kitabu chenye ule.

Ukitaka usahihi zaidi, ingia kwenye hifadhidata ya SIMBAD ya Strasbourg, Ufaransa, andika jina au namba ya HIP. Namba za HIP zinatoka kwenye katalogi ya chombo cha anga Hipparcos, iliyotolewa mwaka 1997 ikiwa na nyota 118,218. Katalogi ya Gaia ni mpya na sahihi zaidi kwa nyota hafifu, lakini nyota kali mno zilikizidi uwezo chombo chake, kwa hiyo usishangae kukosa humo zile za mkanda wa Jabari.

5. Ninageuzaje kuwa digrii za desimali?

Kwa kupaa mnyoofu: saa, jumlisha dakika ÷ 60, jumlisha sekunde ÷ 3600, kisha zidisha yote kwa 15. Betelgeuse: 5 + 55/60 + 10.3/3600 = 5.9195, mara 15 ni 88.793°. Kwa mwinamo hakuna 15: 7 + 24/60 + 25/3600 = 7.407°.

Mtego uko kwenye mwinamo wa kusini. Kwa Rigel, −08° 12′ 06″, wengi huandika −8 + 12/60 wakapata −7.8. Jibu sahihi ni −8.2017, kwa sababu alama ya kutoa inashika namba nzima. Geuza kwanza bila alama, uirudishe mwishoni.

Mintaka ni mbaya zaidi. Mwinamo wake ni −00° 17′ 57″. Ukiweka digrii kwenye seli moja ya lahajedwali na dakika kwenye nyingine, kompyuta inaifanya −0 kuwa 0, na nyota inahamia kaskazini ya ikweta bila onyo lolote. Kosa ni zaidi ya nusu digrii, sawa na upana wa Mwezi mpevu. Weka alama kwenye safu yake pekee: 1 au −1.

6. Nina atlasi ya karatasi tu. Nasomaje nyota iliyo katikati ya mistari?

Kwa rula. Tuseme mstari wa 0° na wa −10° vimeachana milimita 42, na Rigel iko milimita 34 chini ya mstari wa 0°. Mwinamo ni 34 ÷ 42 × 10, yaani −8.1°. Kutoka mstari wa saa 5 hadi wa saa 6 ni milimita 63. Rigel iko milimita 15 kutoka ule wa 5. Basi 15 ÷ 63 × 60 ni dakika 14, yaani 05h 14m. Umekaribia sana.

Pima kutoka mstari wa saa 5 kwenda kushoto. Ramani ya anga yenye kaskazini juu huwa na mashariki upande wa kushoto, kwa kuwa tunaitazama dunia kwa nje na anga kwa ndani. Aliyezoea ramani za nchi huanzia upande usio, akapata 05h 46m badala ya 05h 14m. Karatasi ikiwa ni fotokopi, pima nafasi za mistari karibu na nyota yenyewe, kwani fotokopi huvuta upande mmoja.

## Kuipata angani

7. Saa yangu inasema saa 3 usiku. Nitumie saa gani kwenye hesabu?

Saa ya ulimwengu, UT, yaani saa ya Greenwich, Uingereza, ambayo ndiyo lugha ya majedwali yote. Saa zetu za Kiswahili zina hesabu fupi: kwa usiku wa Afrika Mashariki, jumlisha 15. Saa 3 usiku ni 18:00 UT. Saa 6 usiku ni 21:00 UT. Ikifika 24 au kuzidi, toa 24: saa 10 alfajiri ni 25, yaani 01:00 UT. Aliye Bujumbura, saa moja nyuma yetu, hujumlisha 16. Aliye Maskati hujumlisha 14.

Tarehe nayo inahitaji uangalifu. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 9 usiku kalenda ya simu yako imeshahama, lakini UT bado iko kwenye tarehe ya jana. Kosa la siku moja linasogeza anga kwa dakika 4 za saa, yaani digrii nzima.

8. Saa ya nyota ni nini, na naipataje?

Ni kupaa mnyoofu kwa nyota zinazovuka meridiani yako sasa hivi, yaani mstari wa kaskazini–kusini unaopita utosini. Saa ya nyota ikiwa 05h 33m, Mintaka iko kwenye meridiani. Siku ya nyota ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4, ndiyo maana kila nyota huchomoza mapema kwa karibu dakika 4 kila siku na saa 2 kila mwezi.

Hesabu ya tarehe 15 Januari 2026, saa 3 usiku, Dar es Salaam:

Tarehe 1 Januari 2026, 00:00 UT, saa ya nyota ya Greenwich ilikuwa 06h 42m 39s. Kwa siku 14 jumlisha 3m 56.6s kila siku, jumla 55m 12s. Tumefika 07h 37m 51s. Jumlisha masaa 18 ya UT, pamoja na sekunde 9.86 kwa kila saa, ambazo ni 2m 57s. Jumla ni 25h 40m 48s; toa 24, inabaki 01h 40m 48s. Sasa longitudo: Dar es Salaam iko 39.28° mashariki, gawa kwa 15 upate 2h 37m 07s, jumlisha. Saa ya nyota ni 04h 17m 55s.

Kwa Nairobi ungejumlisha 2h 27m 17s. Longitudo ya mashariki hujumlishwa daima. Anayetoa hupata anga ya zaidi ya saa 5 nyuma.

9. Basi nitaiona wapi, na saa ngapi?

Toa kupaa mnyoofu kutoka saa ya nyota. Kwa Mintaka ya mwaka 2026 (swali la 13): 04h 18m − 05h 33m = −1h 15m. Alama ya kutoa inasema bado iko mashariki, na itavuka meridiani baada ya saa 1 na robo, yaani saa 4 na robo usiku.

Kimo chake wakati huo ni 90° ukiondoa tofauti ya latitudo na mwinamo. Dar es Salaam iko −6.8°, Mintaka −0.3°, tofauti 6.5°, kimo 83.5°, upande wa kaskazini wa utosi kwa sababu mwinamo wake ni wa kaskazini kuliko latitudo ya mji. Rigel inapita 1.4° tu kusini ya utosi. Nairobi, iliyo −1.3°, Mintaka hupita digrii moja kutoka utosini: lala chali.

10. Kwa nini mwezi Juni siioni kabisa?

Katikati ya Juni kupaa mnyoofu kwa Jua ni karibu 05h 36m, sawasawa na Alnilam. Jabari liko juu mchana. Wakati wake mzuri ni Desemba hadi Machi. Katikati ya Desemba huvuka meridiani karibu na saa 6 usiku.

## Kupima mwenyewe

11. Naweza kupima kupaa mnyoofu bila darubini?

Tofauti za kupaa mnyoofu, ndiyo. Unahitaji nyuzi mbili za kuvulia samaki, timazi ya fundi mwashi, na simu yenye saa ya sekunde.

Anza na mstari wa kaskazini–kusini. Simika fimbo wima kwenye uwanja tambarare. Asubuhi, mfano saa 4, weka alama kwenye ncha ya kivuli na chora duara lenye fimbo katikati linalopita hapo. Mchana kivuli kitafupika kisha kirefuke. Kikigusa duara tena, weka alama ya pili. Mstari wa kuunganisha alama hizo ni mashariki–magharibi. Ule wa kuukata kwa pembe mraba ndio unaoutaka. Usitegemee Nyota ya Kaskazini, maana Dar es Salaam haichomozi.

Funga uzi mmoja juu ya mstari huo, mita 3 kutoka chini, na mwingine mita 1. Shusha timazi kutoka uzi wa juu kwenye ncha zote mbili mpaka uguse wa chini. Usiku lala kwenye mkeka hadi nyuzi mbili zionekane kama moja, na bonyeza saa kila nyota inapovuka. Rigel itatangulia, Mintaka ifuate baada ya dakika 17 na sekunde 25 za saa ya kawaida, Alnilam baada ya dakika 4 na sekunde 12 nyingine, Alnitak baada ya dakika 4 na sekunde 32.

Nyuzi zikipishana milimita 1 tu, wakati unahama sekunde 7. Kosa hilo ni karibu lilelile kwa nyota zote zinazopita karibu na utosi, kwa hiyo kwenye tofauti hufutika. Upepo ndio adui wa kweli, kwani uzi unaotetemeka hautoi sekunde. Ukipata tofauti zilizo ndani ya nusu dakika, umefanya kazi nzuri. Kwa kuwa saa yako si ya nyota, zidisha kila tofauti kwa 1.00274 kabla ya kulinganisha na jedwali.

12. Na kwa picha?

Picha hutoa usahihi mkubwa kuliko uzi. Kamera yenye kihisi cha 36 × 24 mm na lenzi ya 50 mm inabeba karibu 40° kwa 27°, Jabari zima pamoja na nyota za jirani. Weka kwenye tripodi, fokasi ya mkono, na upige sekunde 2. Nyota za ikweta hukimbia sekunde 15 za tao kwa kila sekunde, na pikseli ya mikroni 6 kwenye lenzi hiyo ni kama 25″, kwa hiyo sekunde 2 ni pikseli 1 na kidogo. Sekunde 20 hukupa mistari, si nukta.

Pandisha picha kwenye Astrometry.net. Programu inalinganisha maumbo ya nyota na faharasa yake, kisha inakupa majiranukta ya katikati ya picha, ukubwa wa kila pikseli na mwelekeo, kwa J2000. Ikishindwa, sababu huwa ni mti au paa lililoingia kwenye picha, taa za barabarani, nyota zilizovutika, au hali ya usiku ya simu inayolainisha nukta hafifu kana kwamba ni uchafu. Kata sehemu yenye paa na ujaribu tena.

## Yanayoleta utata

13. Kwa nini vitabu viwili vinanipa namba tofauti kwa nyota ileile?

Kwa sababu mhimili wa dunia unayumba kama pia inayozunguka, mzunguko mmoja kwa karibu miaka 26,000. Ikweta ya anga inahama, na mahali pa kuanzia kuhesabu panahama nayo kwa 50″ hivi kila mwaka. Namba isiyotajwa mwaka wake ni nusu ya taarifa. J2000 ni ikweta ya mchana wa tarehe 1 Januari 2000. Vitabu vya zamani hutumia B1950, yaani ikweta ya mwaka 1950.

Tuone Mintaka. Kila mwaka kupaa mnyoofu kwake kunaongezeka sekunde 3.07, na mwinamo unasogea kaskazini 2.4″. Kwa miaka 26 ni sekunde 80 na karibu 63″. Kwa hiyo J2000 ya 05h 32m 00s, −00° 17′ 57″ inakuwa 05h 33m 20s, −00° 16′ 54″ mwaka 2026, na B1950 ilikuwa karibu 05h 29m 27s, −00° 20′. Kwa kutazama kwa macho hupotezi kitu. Kwa darubini yenye uga mwembamba, tofauti ya 1m 20s ni theluthi ya digrii, na nyota haimo kwenye kioo.

Mwaka wa ikweta na mwaka wa kupimwa kwa nyota yenyewe ni vitu viwili. Hipparcos ilitoa nafasi za mwaka 1991.25, katalogi ya tatu ya Gaia za 2016.0, ingawa mielekeo ya mihimili yao inalingana na J2000. Tofauti hiyo inahusu mwendo wa nyota, swali linalofuata.

14. Je, nyota zenyewe hazisogei?

Husogea, ila za Jabari ziko mbali mno hata usiuone mwendo wake. Betelgeuse huhama karibu 0.03″ kwa mwaka. Alfa Centauri, jirani yetu, huhama 3.7″ kwa mwaka, kwa hiyo kwa miaka 26 imehama dakika moja na nusu ya tao. Kwa nyota kama hiyo ongeza mwendo huo kabla ya hesabu ya swali la 13.

15. Kimo nilichopima karibu na upeo wa macho hakilingani na hesabu. Nimekosea wapi?

Huenda hukukosea. Hewa hupinda mwanga na kuinua nyota: karibu 34′ kwenye upeo wa macho, 5′ kwa kimo cha 10°, 1′ kwa 45°, na sifuri utosini. Pima nyota zikiwa juu ya 30°.

16. Kilimia ni sehemu ya Jabari?

Hapana. Kilimia kiko kwenye kundinyota la Ng'ombe, 03h 47m, +24° 07′, na hutangulia mkanda wa Jabari kwenye meridiani kwa takriban saa 1 na dakika 50. Wazee waliosema "kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua" walikuwa wakifuatilia kupaa mnyoofu bila kukiita hivyo.

17. Mpaka wa Jabari unapita wapi? Nina nyota iliyo pembeni.

Mipaka ya makundinyota yote 88 ilichorwa na Eugène Delporte na kutolewa mwaka 1930, kwa kufuata mistari ya kupaa mnyoofu na mwinamo ya mwaka 1875. Kwenye ramani ya J2000 mistari hiyo imeshapinda kidogo. Kwa nyota iliyo karibu na mpaka, rudisha kwanza majiranukta yake hadi 1875, ndipo uamue.